Kanda Iliyosafishwa Mno

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, pale Mingoyo, sauti ya marehemu mke wangu ilibadilika. Nilikuwa nimempa fundi wa simu, mama mmoja mwenye miwani, kanda ya kaseti aihamishie kwenye flashi kabla utepe haujakatika. Ndani yake mke wangu anasoma uradi nyumbani, akihesabu kwa tasbihi, baada ya swala ya Magharibi. Sauti yake sina pengine popote.

Fundi alinivalisha hedifoni. "Sikiliza, babu. Dijitali hiyo! Nimetoa kelele zote."

Kweli, sauti ilikuwa safi kama ya mtangazaji wa redio.

"Mbona tasbihi yake haisikiki?" nikauliza.

"Ile ta, ta, ta? Nilidhani kanda imechakaa. Na kikohozi nacho nimekiondoa."

Mteja aliyekuwa akisubiri kubadilishiwa kioo cha simu akacheka. "Shukuru, babu. Bibi kapona kifua!"

Nikacheka nami, ingawa kifua hicho ndicho kilichomwondoa duniani.

"Basi kanda nitupe?" fundi akauliza, na tayari alikuwa ameishika juu ya ndoo ya taka.

Nikamdaka mkono, mwanamke asiye maharimu wangu, nisiyeruhusiwa kumgusa, mbele za watu. Mola anisamehe.

Flashi nimewapa wajukuu, wameipenda. Mimi nasikiliza kanda na kelele zake. Mke wangu alishaoshwa mara moja, siku ya mazishi, na ilitosha.

Ewe Mola, mrehemu, ulitie nuru kaburi lake, na kila punje ya tasbihi ile umhesabie. Amina.