Vichwa vya Dagaa na Magoti ya Mama Mkwe

Mimi vichwa vya dagaa situpi. Wenzangu hapa Buzebazeba huwarushia kuku. Mimi navikaanga vikavu, kisha navitwanga na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na pilipili kichaa. Unga wake nauvuruga na mawese mpaka uwe rojo zito. Kijiko kimoja tu, na maharage ya juzi yanasahau kwamba ni ya juzi. Rojo hilo naliweka kwenye kopo lililokuwa la mise, yale mafuta ya kokwa za mchikichi tunayojipaka mwilini. Kopo zima halitupwi kwangu.

Mama mkwe wangu anaishi Mwamgongo. Mara ya kwanza alipokuja kututembelea, nilimwandalia ugali wa kiporo uliokaangwa, na kwa ujinga wangu nikajisifu kwamba ni kiporo. Ukoo mzima ukaambiwa mwanawe analishwa makombo. Tangu hapo, kwa miaka sita, alikuwa akija anashuka kwenye boti na unga wake, migebuka yake mikavu, wale samaki wa ziwani, na sufuria yake. Iliniuma, sifichi. Nilitaka ale kwangu, hata tonge moja.

Mwaka jana alikuja anachechemea, magoti yamekaza. Asubuhi ya kwanza nilikwenda sokoni. Niliporudi nilimkuta juani kwenye mkeka, kanyoosha miguu, magoti mekundu yanang'aa, na paka watatu wamekaa mbele yake kwa adabu. Kopo langu lilikuwa pembeni, limebaki nusu.

"Yoo! Mise yako kali," aliniambia. "Inachoma mpaka kwenye mfupa. Huko kwetu wanatuuzia maji tu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini mtu aliyekataa kiporo changu, nitamwambiaje kwamba amejipaka vichwa vya dagaa? Nikawafukuza paka.

Siku ya pili magoti yalikunjika. Siku ya tatu alitembea kwa miguu hadi Ujiji kumsalimia ndugu yake, paka nyuma, na aliporudi alikuwa na vikongwe wawili wanaotaka kupakwa. Wakanipa shikamoo! Wazee wale, mimi! Nikatwanga kopo jipya jasho likinitoka, nikiwaza kwamba nimekuwa mganga bila kujua mti hata mmoja. Jirani zangu walianza kunisalimu kwa heshima, na sikuipenda hata kidogo.

Tatizo likawa njaa. "Sijui nina nini," mama mkwe alilalamika. "Nikikaa juani tu, tumbo linaniita." Mimi nilijua: jua lilikuwa linayapasha magoti moto, harufu inampanda puani. Alikula migebuka ya wiki nzima kwa siku tatu, akaumaliza na unga.

Siku ya nne mchana nilikuwa nakaanga ugali wa jana, na pembeni maharage ya kiporo yanachemka na kijiko changu cha kiungo. Nikasikia hatua mlangoni. Aliingia mwenyewe, bila kukaribishwa, akachukua sahani kabatini.

"Kimenuka nini humu? Nipakulie."

Nilipakua kwa haraka mpaka nikamwaga mchuzi. Alikaa kwenye kigoda, akamega tonge, akachovya, akala. Akala la pili. La tatu likaishia njiani. Akanusa vidole. Kisha akainama, wepesi kama msichana, akanusa goti. Akanusa sahani. Akarudi kwenye goti.

"Wewe," alisema polepole, "umenitilia dawa yangu kwenye mboga?"

"Hapana, mama. Nisamehe. Ni mboga ndiyo uliyojipaka magotini. Vichwa vya dagaa. Na hicho unachokula ni kiporo."

Alinitazama. Nilisubiri ukoo, kikao, boti ya kwanza ya kurudi Mwamgongo. Akamalizia lile tonge, akalitafuna taratibu, akaninyooshea sahani.

"Ongeza. Kiuno nacho kinauma, na huko mkono haufiki."