Transista Hupimwa Ikiwa Nje

Harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka bado inanirudisha utotoni, mimi mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Musoma, niliyejijenga kwa mikono hii na darasa la tano tu. Ulizeni Bunda nzima, nilikokulia, kama kuna redio iliyowahi kunishinda.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwaga na redio moja, na alishasema atakayeigusa tena anaacha shule, anaenda Bugwema kulima kwa baba mdogo. Nikaigusa. Niliweka betri kinyume, nikawasha, ikanyamaza. Baba alikuwa Kisorya, anarudi jioni. Kaka yangu Magesa akasema twende kwa Fundi Idrisa, pale Manyamanyama, kabla baba hajafika.

Fundi akaifungua, akanisukumia mita ya mshale, ya kupimia umeme. Akanionyesha transista, vidude vyeusi vya miguu mitatu: mguu wa katikati ukipewa umeme kidogo, unaruhusu umeme mwingi upite kati ya ile miwili ya pembeni. Nikaipima ya kwanza palepale kwenye bodi, kile kibao kinachobeba vidude vyote. Mshale ukapanda kila nilipogusa. Nzima haipitishi umeme kila upande, kwa hiyo nikasema imekufa.

"Ing'oe kwanza," akasema. "Ikiwa kwenye bodi, wenzake wanaijibia."

Nikaiyeyushia risasi, nikaing'oa. Kutoka mguu wa katikati kwenda kwa kila wa pembeni, mshale ukapanda. Nikapishanisha waya za mita, ukatulia. Miguu ya pembeni yenyewe kwa yenyewe, kimya. Nzima kabisa, na mimi nilishaizika. Transista ya pili ndiyo mshale ulikimbia mpaka mwisho kati ya miguu ya pembeni, huku na huku. Hiyo ilikufa kweli.

Fundi alikuwa anamalizia kuweka mpya baba alipoziba mlango, kaifuata redio yake. Akauliza ni nani aliyeigusa. Magesa, aliyekuwaga ananikingia kila kitu, akafungua mdomo anijibie. Fundi hakuinua kichwa.

"Baba Magesa, mtoe nje huyo mkubwa. Halafu muulize mdogo."

Magesa akatoka. Redio ikaanza kuongea mezani, hakuna aliyeisikiliza.

"Ni mimi, baba."

Wiki ileile nilikuwa Bugwema na jembe. Magesa alisoma, leo ni mwalimu Butiama. Nilimchukia yule fundi msimu mzima, mpaka alipokuja mwenyewe shambani kumwomba baba mdogo anipe ruhusa nikajifunze kazi kwake. Nilidhani ananihurumia. Nilikuja kuelewa nikiwa na vijana wangu wanne wa kazi: jioni ile hakuwa anapima redio tu.

Mpaka leo, kitu cha mteja kikiharibika dukani kwangu, nambakiza kijana mmoja ndani, wenzake nawatoa nje kwanza. Halafu nangoja.