Ndiga za Baba Yake Bibi

Harufu ya ngozi iliyolowa mvua hunirudisha kijijini Mbwera. Ilitoka kwenye mkoba wa madaftari wa kijana mmoja wa chuo kikuu, aliyeshuka mtumbwini kwetu suruali imejaa tope hadi magotini, akaamkia kila mtu kwa unyenyekevu hata wazee wakamwonea huruma.

Chuo chenyewe siku hizi ni kikongwe, rangi imebanduka kutani. Wakati ule kilikuwa kichanga, na jina lake lilikuwa kubwa kupita umri wake. Tulisikia kwamba wasomi wake wanaiandika upya historia ya nchi, si kwa makaratasi ya Mjerumani bali kwa vinywa vya wazee wetu wenyewe. Mjomba wangu aliamini kabisa kwamba ukilala mle siku moja tu, unaamka umevaa miwani.

Kijana alitaka habari za Vita vya Maji Maji. Wakamleta kwa bibi yangu, kwa kuwa aliviona vita vile akiwa mtoto. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Mambo mazito aliyasema kwa Kindengereko. Nikawekwa mimi katikati nitafsiri, msichana wa darasa la nne, mwenye kimbelembele kuliko nzi.

"Mke mwenzangu," bibi aliniambia, "mweleze vizuri. Baba yangu hana kaburi. Akiandikwa huko, atakuwa amezikwa."

Akasimulia. Baba yake alikunywa ile dawa ya maji akaenda vitani, lakini bunduki zilipolia alikimbia. Akawachukua wanawe, akawaficha kwenye mikoko. Askari walichoma mpunga wote, njaa ikaingia, watu wakala ndiga, viazi vya porini vyenye sumu ambavyo lazima viloweshwe siku kadhaa kwanza. Na nani mwenye njaa ile angengoja siku kadhaa? Kila chungu kilipoiva baba alikula peke yake, kisha akangoja, watoto wakimtazama usoni. Jua likisogea naye bado mzima, ndipo aliwapakulia. Siku moja hakuwapakulia.

Bibi alilia. Mimi niliona aibu. Shuleni tulifundishwa mashujaa. Sasa chuo kikubwa namna ile kiandike kwamba mzee wetu alikimbia, kisha akafa kwa kula viazi? Nikamwambia kijana kwamba alisimama mbele ya Mjerumani akapigwa risasi ya kifua. Kijana aliacha kuandika, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Umemwambia ya ndiga?" bibi aliuliza.

"Nimemwambia."

Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaenda kumkaangia mgeni samaki.

Tangu siku hiyo, yeyote aliyesafiri kwenda mjini bibi alimsihi apite chuoni amsalimie baba yake. Watu walicheka. Nilipochaguliwa mimi mwenyewe kusoma pale, alikuwa hawezi hata kuinuka kitandani. Alinishika mkono, akanituma salamu hizo hizo.

Niliogopa kwenda kuzitafuta zile karatasi. Nilipopata moyo, bibi alikuwa ameshafariki. Nilizikuta zimepigwa chapa vizuri, jina lake juu, uongo wangu chini yake, na wasomi walikuwa wameshaunukuu. Nikamwambia mkutubi kwamba si kweli. Akaniuliza kwa upole kama nina shahidi.

Leo nami nina wajukuu, ndipo naelewa ilivyokuwa kula kwanza, kila siku, mbele ya watoto wenye njaa, hujui kama saa hiyo utaimaliza ukiwa hai. Bibi alipona kwa vyungu vile, na mimi nikapatikana. Nilimwonea aibu mtu aliyenileta duniani.

Siku ile nilisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka maktaba ikafungwa, salamu za bibi zikiwa bado mdomoni. Baba yake hakuwamo.