Viti Viwili vya Nyumba Yangu

Nafundisha historia katika shule ya sekondari upande wa Jebel, hapa Juba, na mwaka ule tuliletewa maboksi ya vitabu vya historia ya Marekani. Hakuna aliyeviomba. Lakini mimi nililelewa Kenya, na sisi wa Kenya tukiona kitabu lazima tukifundishe. Nikawaeleza wanafunzi jinsi walowezi walivyokataa kulipa kodi kwa bunge ambalo hawakuwa na kiti ndani yake, wakamwaga chai ya watu baharini, wakaandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa, kisha wengi wao wakarudi nyumbani kuvuliwa viatu na watumwa wao. Nilipofika kwenye katiba yao, hasira zilinipanda. Majimbo yenye watumwa yalitaka watumwa wahesabiwe ili yapate viti vingi bungeni, lakini watumwa wenyewe wasipige kura. Wakapatana: kila watumwa watano wahesabiwe kuwa watu watatu. Nikapiga ubao ngumi. "Wanafiki!" Darasa likacheka, na chaki ikavunjikia mkononi mwangu.

Muhula huohuo ofisi moja ya misaada kule Amarat iliuahidi mtaa wetu tangi la maji. Sharti lilikuwa tuwe na chama, na chama kiwe na katiba. Juba hupewi hata ndoo bila katiba. Tulikuwa nyumba tisa, karibu zote za watu waliorudi kutoka Uganda na Kenya, na wote wakageuka kunitazama mimi.

Dada yangu mkubwa ni mjane na anakaa kwangu. Anauza chai kando ya barabara, na goti lake la kulia ni bovu. Katika habari yote ya tangi alitaka jambo moja tu: liwekwe chini, karibu na barabara. Huko juu njia ni mawe matupu.

"Wakiliweka juu, chai yangu kalas, imekwisha," aliniambia. "Hili goti halipandi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, historia iko upande wake. Nilisema hivyo kweli, Mungu anisamehe.

Mkutano ulifanyika Jumamosi chini ya turubai. Wanaume tulikaa kwenye viti, wanawake wakatupikia chai, na safari hii hakuna mpigania haki aliyeimwaga. Hoja ya kwanza ilikuwa viti vya kamati. Jirani yangu, mfanyabiashara wa nafaka aliyerudi kutoka Uganda, hakutaka kila nyumba ipate kiti kimoja.

"Mimi iko na watu kumi, ustaz. Wewe iko na wanne. Sasa sisi iko sawa namna gani?"

Katika hao kumi alikuwamo mpwa wake ambaye, kwa ninavyojua, mpaka leo yuko Arua, kulekule Uganda. Mtu mmoja akapendekeza watoto wahesabiwe nusu. Jirani akawaka: hiyo nusu ya mtu inakunywa maji nusu?

Nikatoa suluhisho, si mimi ndiye msomi? Kila nyumba ipate kiti kimoja, na kwa kila watu watano iongezewe kiti. Mkuu wa nyumba awapigie kura watu wake wote, ili kusiwe na fujo. Walipiga makofi. Ndipo nikaanza hesabu yangu: mimi, mke wangu, watoto wawili. Nikamwona dada yangu ameinama juu ya jiko la makaa. Watano! Nikaandikiwa kiti cha pili, na sitaficha, nilijisikia mkubwa.

Dada akaniletea kikombe. "Nimehesabiwa?"

"Umehesabiwa."

"Kwa hiyo na mimi nitainua mkono?"

"Hapana, dada. Mimi nitakuinulia."

Akaenda kuwapelekea wengine sukari.

Hoja ya pili ilikuwa mahali pa tangi. Mzee tuliyemchagua kuwa mwenyekiti alisema likikaa juu, langoni kwake, litalindwa. Kabla ya kura alininong'oneza kwamba chama kitahitaji katibu mwenye elimu, na kwamba hata nyumba yangu, nikiangalia vizuri, iko juu kuliko ilivyo chini. Nikaangalia vizuri.

Mwenye viti viwili aliinua mikono miwili. Jirani yangu alikuwa na vitatu, kwa hiyo aliinua mikono yote na mmoja ukashika kofia, kofia ikiwa kura ya tatu. Yeye alichagua chini, maana anawaogopa wake zake wanaomchotea maji, na siku ile woga wake ulikuwa na akili kuliko elimu yangu. Mimi niliinua yote miwili kwa ajili ya juu. Chini saba, juu nane.

Tulipofika nyumbani dada yangu akaniuliza:

"Mkono wangu ulikuwa upi?"

"Wa kushoto," nilisema.

"Sawa. Tangi likishawekwa, asubuhi uamke na huo mkono wangu, ukanichotee maji."

Tangi lilipowekwa langoni kwa mzee, nikaamka. Kila asubuhi kabla ya shule nateremka yale mawe na jerikeni zake mbili, na wanafunzi wangu wananiamkia kwa heshima wakiwa wamebana kicheko. Baada ya majuma matatu mgongo ulinishinda, nikalalamika. Dada akasema tangi linaweza kuhamishwa, na watu wanaweza kupewa kura zao. Kwani katiba si niliiandika mimi?

Nikavuta kiti nimweleze. Katiba haibadilishwi hivihivi, nikasema, lazima robo tatu ya viti vikubali. Wamarekani wenyewe, mpaka kuutoa utumwa, waligombana vizazi na vizazi, wakaishia kuuana vitani ndugu kwa ndugu. Mambo haya yanataka muda.

Alinisikiliza hadi mwisho huku akisuuza glasi zake.

"Na hawa wa hapa mtaani," akauliza, "uliwaomba, wakakataa?"

Nilikuwa sijawaomba.