Toa Dirisha

Watu walimwita Spana, na jina lenyewe hakulichukia, maana miaka yote aliyokaa gereji hakuna injini iliyowahi kumshinda. Nyumba ndiyo iliyomweza. Mjomba wake alipofariki alimwachia ile nyumba kongwe ya ghorofa moja: kuta nene za mawe, ngazi zinazolia, na kibao mlangoni kinachosema hili ni jengo la kale, usiguse kitu bila ruhusa. Spana akaipenda hivyo hivyo na popo wake. Mkewe, fundi cherehani, hakuipenda hata chembe.

"Pango hili," alisema siku ya kwanza, akipapasa ngazi kwa mguu. "Macho yangu siku hizi yananisaliti, bwana. Nisipopata chumba chenye mwanga wa kushonea, mimi nabaki zangu kule tulikopanga. Humu utakaa wewe na popo."

Hakuwa anatania. Na Spana, ambaye bila mwanamke yule hajui hata chumvi inakaa kopo gani, alimwelewa vizuri. Alale peke yake uzeeni? Heri nyumba ianguke!

Basi wakaanza ukarabati, wawili wao na fundi mwashi wa kuja na kuondoka. Spana akakwangua rangi kwenye milango mpaka kucha zikaisha. Mkewe alikuwa binti wa mwashi, kwa hiyo kwenye chokaa yeye ndiye aliyekuwa bosi. "Taratibu! Unapaka ukuta au unafukuza nzi?" Spana alinung'unika, lakini moyoni alifurahi kweli kweli. Walikuwa hawajacheka hivyo tangu watoto waondoke nyumbani.

Ikatokea mdogo wa mkewe akaugua, ikabidi mkewe aende akamuuguze. Kabla ya kuondoka alipanda juu, kwenye chumba cha nyuma alichokichagua kiwe cha kushonea. Ukutani palikuwa na kidirisha kimoja tu, kidogo kama sinia, mbao zimeoza. Akaugonga ule ukuta kwa kiganja. "Ukuta huu toa dirisha. Nikirudi nikute tayari."

"Umekwisha huo!" akajibu Spana.

Jamani, ulimi hauna mfupa, na sikio nalo lina mambo yake. Spana hakumngoja hata yule mwashi. Alitaka amshangaze mkewe kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Akaking'oa kile kidirisha, akapanga mawe, akapiga chokaa taratibu kama alivyofundishwa, akalainisha mpaka usingejua kama pale paliwahi kuwa na tundu. Akasimama kuutazama ule ukuta, kifua mbele.

Mkewe aliporudi akapandishwa juu hata mkoba hajautua. Akasimama gizani.

"Dirisha liko wapi?"

"Nimelitoa."

"Umelitoa wapi?"

"Nimelitoa kabisa! Vumbi halipiti tena hapo."

Mkewe akashika kichwa. "We mwanaume! Mimi nilisema utoe dirisha! La kueleweka, kama baba yangu alivyokuwa akitoa. Mwashi akiambiwa toa dirisha, anatoboa ukuta!"

"Mama, gereji ukiambiwa toa gia boksi, huongezi gia boksi ya pili!"

Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Siku hiyo mama hakucheka, wala hakutukana, na Spana angelipa chochote atukanwe. Aliugusa tu ule ukuta mbichi, machozi yakamtoka.

Kesho yake Spana akamwita afisa wa majengo ya kale, akaungama kila kitu. Afisa akatikisa kichwa. "Mzee, kutoboa tundu jipya ni marufuku, hata ungeomba. Hilo ulilolitoa lirudishe, kipimo kile kile."

Kile kile! Yaani sinia. Mama akasema, "Basi, haikupangwa," akateremka ngazi akijishikilia ukutani, hatua moja moja, mchana kweupe. Spana akamtazama mpaka akafika chini. Ndipo akili ikamrudi: mkewe hakuwa akitafuta kisingizio. Macho yalikuwa yanaondoka kweli, na yeye alidhani ni deko.

Sasa, kulikuwa na chumba cha mbele. Madirisha matatu marefu, yote yanatazama barabara. Mjomba hakuruhusu mtoto kutia mguu humo, kilikuwa cha wageni, na Spana alivutwa sikio mara nyingi kwa kuchungulia tu. Maisha yake yote alijiapiza kwamba siku moja atakaa humo kama bwana mkubwa, mguu juu ya mguu. Sakafu alishaipiga vanishi. Kiti kirefu kilishaingia.

Asubuhi alikitoa kile kiti, akakipeleka chumba cha giza. Akaenda kule walikopanga, akainua cherehani ya mkewe begani bila kuuliza.

"Wewe! Unaenda wapi na mashine yangu?"

"Nifuate ukitaka kujua."

Akamfuata njia nzima akilalamika, akapanda ngazi akilalamika. Spana akaitua mashine katikati ya chumba cha mbele, akafungua madirisha yote matatu. Jua likajaa mpaka kwenye kona.

"Na wageni wako je?" mama akauliza, sauti imepungua.

"Wageni wakae kwenye ngazi. Mimi nataka mke wangu."

Mama akakaribia, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Akamtazama muda mrefu.

"Kumbe nyusi zimekuwa nyeupe zote!" akasema. "Tangu lini?"

Zilikuwa nyeupe mwaka wa nne huo.

"Leo asubuhi," Spana akasema. "Mashine yako nzito."