Kabati la Kufukizia Nguo

Jamani, nacheka lakini aibu bado ninayo. Mimi ni fundi wa samani kuukuu hapa Ipuli, na juzi nilijiona nimeokota dhahabu. Nilinunua Ulyankulu kabati la mninga lenye kimo cha mtu. Ubavuni lilikuwa na kidirisha cha matundu ya nakshi, na chini yake ubao uliolika mabonde mawili.

Moyo ulinidunda! Nyumbani kwetu nguo tunazifukiza udi, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza mtu: hili ni kabati la tajiri wa Kiarabu wa enzi za misafara! Matundu ya kutolea moshi, ubao wa kukanyagia mtumishi akitundika kanzu. Nikalipiga msasa, nikalipaka vanishi, nikafunga na bomba la kutundikia.

Bi Salma, mama wa Kiomani anayependa vitu vya kale, alikuja mbio kulinunua. Nikaingia ndani, nikajifungia mlango kumwonyesha nafasi, huku nasimulia misafara utadhani nilikuwemo.

Hapo akatokea jirani yangu Mama Yohana, Mkatoliki aliyezaliwa hukohuko Ulyankulu. Akapiga magoti kwenye ule ubao, na magoti yakakaa sawasawa kwenye mabonde. Akasogeza mdomo kwenye matundu.

"Padri," akaninong'oneza, kicheko kimembana, "nianze dhambi zangu? Maana humu ndimo ulimokuwa unakaa kutuungamisha."

Bi Salma akafungua mlango taratibu.

"Toka, fundi, uje upige magoti huku nje. Wa kuungama leo ni wewe."