Kanzu Nyeupe Kwenye Kioo

Televisheni iliyowashwa ni adui wa mpiga video, na anayebisha aje dukani kwangu Jinja nimwonyeshe. Macho yako yanaona picha safi. Kamera inaona mistari myeusi inayopanda polepole, mmoja ukiisha mwingine unaanza. Kosa hilo nililifanya Masese, kwenye karamu ya posa, ambapo kaka wa binti alitoa salamu kutoka ng'ambo kupitia kioo cha kompyuta. Nilirekodi bila kukagua. Mdogo wangu wa kike alipoiona ile kazi alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema yule kaka anaonekana kama anachungulia nyuma ya mabati. Tangu siku hiyo, kwetu video mbaya inaitwa mabati.

Basi zamu yake ya kuolewa ilipofika, alikuja na sharti moja. Mchumba wake yuko Uarabuni, anaendesha gari la mtu, na mwajiri alimnyima ruhusa ya kuja. Ndoa ingefungwa Mbale, mtaa wa Nkoma, nyumbani kwa Mama, bwana harusi akiwa kwenye televisheni ya sebuleni. Mdogo wangu alinipigia simu akaniambia hataki madoido. "Nataka uso wake tu, pale atakaposikia nimekuwa mke wake. Mimi nitakuwa chumbani na wanawake, sitauona. Usinipe mabati."

Nilimwambia asinifundishe kazi. Nikakata simu, nikafunga duka mapema, nikakaa mbele ya televisheni yangu nikifanya mazoezi kama mwanafunzi. Nampenda sana yule msichana, na kucheka kwake kulinichoma kuliko nilivyoonyesha.

Kulikuwa na jambo jingine. Baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi ndiye walii, mimi ndiye wa kumwozesha. Shehe naye hakutaka ndoa ya waya peke yake. Alisema televisheni haina mkono, na yeye anataka kuona mkono umeshika mkono. Ikaamuliwa kwamba baba mdogo wa bwana harusi, mzee anayeuza maharage soko la Nakaloke, apokee ndoa kwa niaba yake. Mzee huyo aliniuliza mara tatu, "Bwana, na mtandao ukikatika katikati, si nitakuwa nimeoa mimi?" Nilimjibu kwamba mkewe atapewa taarifa.

Asubuhi ya siku yenyewe nilifika Nkoma na mabegi yangu nikakuta Mama ameshaniharibia kazi. Alikuwa ameitoa televisheni kwenye kabati, amekivua kile kitambaa chake cha kufuma, ameikalisha juu ya kiti cha Baba. Begani, kama televisheni ina bega, ameitandikia kanzu ya Baba. Alisema bwana harusi hawezi kuingia nyumbani kwake uchi.

Nikaanza kugomba. Kitu cheupe kando ya kioo kinachowaka kinaichanganya kamera, ama kanzu iungue kwenye picha, ama uso uwe giza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa kanzu pale, akanivisha mimi, akanifunga vifungo vya shingoni mwenyewe.

"Leo wewe ndiye baba," akasema.

Nikabaki nayo, maana naye ni Mama. Bwana harusi akaingia hewani kujaribu mtandao, akamwamkia Mama, nami nikarekodi kipande kifupi cha majaribio. Nilipokitazama nilitamani kulia. Mabati yalikuwa yanapanda usoni kwake, na juu ya mabati, ndani ya kioo, kanzu yangu imejiakisi, inang'aa kama taa. Wenzangu wa kazi hii wanajua: ukipiga video ya kioo unavaa nyeusi, usionekane. Nikaivua kanzu, nikavaa shati langu jeusi la kazini, nikaitundika kanzu nyuma ya mlango. Mama akaenda akainyoosha mikunjo yake pale mlangoni, akarudi jikoni.

Nikafanya kazi yangu sasa. Niliziba madirisha kwa leso zote za nyumba ile. Kasi ya shata, kile kifuniko kinachofunguka kupitisha mwanga, nikaishusha mpaka ikalingana na umeme wetu, moja kwa hamsini ya sekunde, mistari ikatulia kama mtoto aliyepewa titi. Mwanga wa televisheni nikaupandisha hadi mwisho, kwa sababu hizi televisheni bapa ukizipunguzia mwanga zinaanza kupepesa. Kamera nikaipeleka mbali, nikavuta picha, maana ukikikaribia kioo kinatoa mawimbi. Rangi nikazipima kwa kioo chenyewe, kwaheri uso wa buluu. Kila kinachojirekebisha chenyewe ndani ya kamera nikakizima, nikaiacha juu ya miguu yake mitatu imtazame bwana harusi na si mtu mwingine.

Kisha nikaenda kukaa mkekani, pembeni kabisa ya picha, nikaushika mkono wa muuza maharage. Nilitamka maneno ya kumwozesha mdogo wangu kwa sauti ambayo sikuijua. Mzee akapokea. Mtandao, alhamdulillahi, haukukatika. Na yule kijana kule Uarabuni, aliyeambiwa asikilize tu, akainamisha kichwa, akakiinua, machozi yanamtoka, akawa anarudia, nimekubali, nimekubali, kana kwamba kuna mtu amemkatalia. Wanawake wakapiga vigelegele chumbani.

Wallahi, ile video ilitoka safi. Hakuna mstari, hakuna wimbi, hakuna kivuli cha mtu. Wiki iliyofuata niliipeleka Nkoma, tukakaa watatu, Mama, mdogo wangu na mimi, tukaitazama kwenye televisheni ileile iliyokwisharudi kabatini. Mdogo wangu alilia, akacheka, akarudisha nyuma, akalia tena. Mimi nilikuwa nimekunja mikono nikisubiri sifa zangu. Nilizipata. Halafu akanigeukia.

"Mume wangu nimemwona. Na aliyeniozesha yuko wapi?"

Nikasema sauti yangu inasikika. Akasema sauti ameisikia. Nikaanza kueleza mambo ya kioo na nyeupe, nikajisikia mjinga katikati ya sentensi. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini mimi nilikuwa nimekataa hata kukaa kitini. Siku moja katika maisha yangu niliitwa kusimama mahali pa Baba, na nilihangaika nisionekane. Nilijuta, na nikamwambia hivyo.

Ndipo nikakikumbuka kile kipande cha majaribio. Kilikuwa bado ndani ya kamera, kwa uvivu tu wa kufuta. Nikaiunganisha kamera na televisheni, nikawaonyesha huku nimeona aibu. Bwana harusi anaamkia nyuma ya mistari yake, na mbele yake, ndani ya kioo, amesimama mtu wa kanzu nyeupe, mkono mmoja kiunoni, bega la kushoto limeshuka kidogo. Mama yupo kando yake, anamrekebisha kola. Sikujua kwamba nasimama vile. Baba ndiye aliyekuwa akisimama vile.

Mama alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye kabati, akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo.

"Hii ndiyo uiweke mwanzo," mdogo wangu akasema. "Na mabati yake yote."